Mgeni na Viunga vya Nchi Kame

Neno kiunga lina historia yake katika Kiswahili cha pwani. Kiunga kilikuwa shamba la miti ya matunda lililo pembeni mwa mji: minazi, miembe, michungwa, na kati yake vibanda vya watunzaji. Mji ulipokua ulienea kwanza katika mashamba hayo, na neno likachukua maana ya pili, yaani makazi yaliyo nje kidogo ya mji. Maana hizo mbili zilikaa pamoja bila kugombana, kwa sababu pwani mvua ni nyingi na kisima hakiko mbali. Aliyehamia kiungani alihamia penye kivuli na maji, na shamba lililompokea liliendelea kuulisha mji aliouacha. Lakini neno likisafiri bara hata kufika nchi kame ya katikati ya Tanzania, maana hizo hutengana. Makazi ya pembeni mwa mji wa Dodoma huitwa viunga, wala hakuna aonaye ajabu. Ilhali hapakuwa na bustani kabla ya nyumba, na bustani iliyopo sasa, pale ilipo, imeifuata nyumba, nayo hunyweshwa kwa maji yatokayo mbali.

Jambo hilo si la wapima ardhi na mafundi peke yao. Ni jambo la fasihi pia, kwa kuwa nchi kame imejulikana kwa wasomaji, kwa sehemu kubwa, kwa njia ya maandishi ya wageni. Na jinsi ilivyoandikwa ndivyo, kwa kiasi kikubwa, ilivyokuja kujengwa. Uhakiki huu wakusudia kuyapima macho ya mgeni: huona nini afikapo katika viunga vya Dodoma, nini humpita, na kwa kipimo gani maandishi yake yafaa kuhukumiwa kuwa mema au mabaya.

Mgeni wa kwanza aliyeandika ni yule wa msafara. Richard Burton aliondoka pwani mwezi Juni 1857, akaingia Ugogo baada ya miezi kama mitatu. Kitabu chake, The Lake Regions of Central Africa, kilitoka mwaka 1860. Henry Stanley naye alipita Ugogo mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone, na habari zake zikachapishwa mwaka uliofuata. Wote wawili waliingia Ugogo wakiwa wamekwisha kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji iliyo upande wa Mpwapwa. Na mbele yao, kuelekea Unyamwezi, walijua kuwa wangojewa na Mgunda Mkali, pori jingine la kiu. Majina hayo mawili ni ya watu wa misafara, nayo yafaa kusomwa kwa makini. Mpagazi hakuipa nchi jina kwa uzuri wa milima yake wala kwa ubaya wa watu wake. Aliipa jina kwa kile ambacho mwili wake ungekikosa humo. Kwa maneno mawili tu ameeleza ulipo mpaka kati ya kuishi na kufa, na yeyote aliyemfuata nyuma alifaidika na jina hilo kuliko kurasa nyingi za wasafiri.

Wenye kalamu walilalamikia zaidi jambo jingine, nalo ni hongo. Kila mtemi wa Ugogo alidai nguo, shanga au nyaya kabla ya kuuruhusu msafara kupita katika nchi yake na kuteka maji. Vitabu vya wasafiri vimejaa habari za madai hayo, siku zilizopotea katika mabishano, na hasira ya bwana mkubwa aliyejiona anaporwa njiani. Msomaji wa leo, akiviweka vitabu hivyo mezani na kuvisoma taratibu, ataona kuwa palikuwa na hoja ya pili ambayo mwandishi hakuisikiliza. Msafara wa watu mamia, pamoja na punda wao, uliposimama kwa siku tatu penye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa kijito kikavu, ulikunywa maji ambayo wenyeji na ng'ombe wao wangeyahitaji hadi mvua inyeshe tena. Hongo ilikuwa kodi ya njia, na pengine ilizidi kiasi. Lakini ilikuwa pia bei ya maji, na ndani yake mlikuwa na fundisho kwamba maji ya nchi kame yana mwenyewe, na kwamba kila akinywaye kikombe apunguza kikombe cha mwingine. Mgeni alilipa, akaandika kuwa ameibiwa. Kosa lake halikuwa la macho, kwa maana aliyaona maji na akamwona mtemi. Alishindwa kuviunganisha viwili hivyo katika sentensi moja.

Mgeni wa pili hakuja kwa miguu, alikuja na ramani. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kuwa makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huohuo. Mpango mkuu wa mji ulitolewa mwaka 1976, nao ulitayarishwa na wataalamu wa Project Planning Associates kutoka Toronto, Kanada. Ukisomwa kama andiko, mpango huo una fadhila zake, na si haki kuupita kwa dharau. Haukutaka mji wa minara. Ulitaka mji wa nyumba fupi, uliogawanyika katika jamii ndogo, wenye njia za mabasi na za waendao kwa miguu, kwa kuwa uliandikwa katika nchi ya ujamaa ambayo raia wake wengi hawakuwa na motokaa. Wataalamu hao waliitazama milima, upepo na miti, wakajaribu kuupatanisha mji na vitu hivyo.

Hata hivyo karatasi ya mpimaji ina tabia yake: kabla ya mstari wa kwanza, ni nyeupe. Nchi yenyewe haikuwa nyeupe. Palikuwa na vijiji vya Wagogo, mashamba ya uwele na mtama, njia za ng'ombe, na watu ambao miaka michache tu kabla, katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, walikuwa wamekwisha kuhamishwa kutoka nyumba zao zilizotawanyika na kukusanywa katika vijiji vipya. Hadi leo majina ya sehemu za mji husema jambo hilo kwa sauti mbili. Upande mmoja kuna Area A, Area C na Area D, majina ya herufi, ambayo yangeweza kubandikwa popote duniani. Upande wa pili kuna Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa, Nala na Mtumba, majina yaliyokuwapo kabla ya vigingi vya wapimaji, nayo yamebaki kama mawe ya mipaka ya kitabu kingine kilicho chini ya kile kinachosomwa.

Kwa muda wa miaka 40 na zaidi mji ulikua polepole, na wengi walikwisha kuizoea hali ya makao makuu yaliyo katika maandishi kuliko katika majengo. Mwendo ukabadilika ghafla. Mwezi Julai 2016 ilitangazwa kuwa serikali yote itahamia Dodoma. Mei 2017 Mamlaka ya Ustawishaji ilivunjwa na kazi zake zikapewa manispaa. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Na mwaka 2019 majengo ya wizara yakafunguliwa Mtumba, upande wa mashariki. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Nyumba za watu hao hazikurundikana katikati ya mji. Zilitambaa juu ya tambarare, zikafuata barabara kuu, zikazunguka vilima, na ndizo viunga ambavyo mgeni wa tatu huvitazama.

Mgeni huyo hufika kwa treni ya umeme iliyoanza safari zake mwaka 2024, na njia iliyomchukua Burton miezi mitatu yeye huimaliza kwa muda wa asubuhi moja. Ametoka Dar es Salaam, penye joto la mvuke, na ngozi yake ndiyo ya kwanza kutambua kuwa amefika kwingine. Kama ni mwezi wa Septemba, ataona nchi ya rangi mbili, kahawia na kijivu, na juu yake anga lisilo na wingu. Ataona vilima vya mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na mibuyu iliyosimama katikati ya viwanja. Kisha ataona nyumba, nyingi mno, na karibu zote mpya: mapaa ya mabati ya bluu, ya kijani na ya rangi ya damu ya mzee, kuta za uzio zilizokwisha kabla ya nyumba zenyewe kupata madirisha, misingi iliyosimama ikingoja fedha, malundo ya tofali na mchanga. Kila nyumba, tajiri kwa maskini, ina chombo kimoja kisichokosekana: tangi jeusi la plastiki, juu ya mnara wa zege au chini penye kivuli. Barabarani hupita boza la maji, likifuatwa na vumbi, na nyuma yake kijana mwenye mkokoteni wa madumu ya manjano. Nyuma ya lango moja lililofunguka kidogo, mgeni huona kipande cha ukoka wa kijani kibichi, na mtu ameshika mpira anaumwagilia.

Kutokana na mandhari hayo huzaliwa maandishi ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ya sifa. Mwandishi huhesabu mapaa, hutaja upana wa barabara, hukumbusha jinsi mahali hapo palivyokuwa pori jana, akahitimisha kuwa jangwa limeshindwa. Namna ya pili ni ya dhihaka. Mwandishi hucheka nguzo za zege zilizo mlangoni, hucheka mapaa yenye pembe 12 katika nchi ya mvua haba, hulilia nyumba za asili zilizotoweka, akahitimisha kuwa watu wamepotewa na ladha. Namna hizo hujidhania kuwa maadui, lakini zina mzazi mmoja. Msifu na mdhihaki, kila mmoja anaitazama sura ya nje, na kila mmoja amekubali, bila kujiuliza, kuwa nchi hiyo ilikuwa tupu. Mmoja afurahi kuwa utupu umejazwa. Mwingine asikitika kuwa umejazwa vibaya.

Chukua mathalan suala la paa, ambalo wadhihaki hulipenda. Nyumba ya Kigogo ni tembe: ndefu, fupi kwa kimo, kuta za miti na udongo, juu imefunikwa kwa udongo mzito uliotandazwa sawa juu ya boriti, na katikati ua wa ng'ombe. Udongo huo mnene ulizuia jua la mchana na kuhifadhi joto la usiku, jambo lenye maana mahali palipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambapo usiku wa Juni na Julai huwa na baridi. Kwa miaka mingi tembe ilihesabiwa kuwa alama ya unyuma, na kuiacha kukawa alama ya maendeleo. Sasa katika viunga vipya imezuka mtindo wa nyumba za kisasa ambazo paa lake limefichwa nyuma ya kuta, hata mtu akiitazama nyumba kutoka barabarani huona kisanduku tambarare. Mwenyewe hujivunia mtindo huo kuwa umetoka nje. Kwa umbo la nje babu wa Kigogo angeutambua mara moja. Lakini kwa ndani angestaajabu, maana nyuma ya ukuta ule kuna bati jembamba linalopokea jua lote na kulishusha chumbani. Umbo limerudi bila akili iliyolizaa. Hilo ndilo kosa linalostahili kuandikwa, nalo halionekani kwa acheaye nguzo za mlangoni.

Tena mdhihaki husahau kuwa mwenye nyumba naye ni mgeni. Mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka pwani, au mwalimu aliyetoka Kagera au Kilimanjaro, ameleta katika kiwanja chake kumbukumbu ya nchi alikozaliwa. Ukoka ule wa kijani ni kama barua kwa mama. Mgomba uliopandwa penye maji ya kuogea, ambao hautazaa mkungu wa maana, ni neno la lugha ya kwao analojaribu kulitamka ugenini. Mhakiki asiyeona huzuni na mapenzi yaliyomo katika bustani hiyo hajaisoma. Lakini mhakiki akomeaye hapo naye hajamaliza kazi, kwa kuwa barua hiyo imeandikwa kwa wino wa wengine.

Wino wenyewe ni maji, na yafaa kueleza yanakotoka. Kwa miongo mingi chanzo kikuu cha maji ya mji wa Dodoma kimekuwa visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji, ingawa visima vingine vimeongezwa mahali pengine kadiri watu walivyozidi. Vipimo vya kina cha maji ya bonde hilo vimehifadhiwa tangu mwaka 1955, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulivisoma vya miaka 55 mfululizo. Jambo lililodhihirika ni la kutisha na la kupendeza pia. Mvua ya kawaida, ile inyeshayo kati ya Desemba na Aprili na kuotesha uwele, haiongezi sana maji ya chini. Nyingi yake hunywewa na mimea au hurudi hewani. Maji ya Makutupora hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, ambayo mara nyingi hufuatana na El Niño, na katika kumbukumbu hiyo yote msimu wa 1997 hadi 1998 ndio ulioongeza kuliko mwingine wowote. Kati ya msimu mkubwa na msimu mkubwa, kina hushuka mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo anayefungua bomba leo katika kiunga cha Dodoma yamkini anakunywa gharika ya zamani, akiingojea nyingine ambayo tarehe yake haijulikani.

Hapo ndipo kipimo cha mgeni kinapovunjika. Mgeni hupenda wastani. Husoma kuwa Dodoma hupata mvua ya milimita kama 570 kwa mwaka, akadhani ameijua nchi. Lakini katika nchi kame wastani ni mwaka ambao haujapata kuonwa na mtu. Kuna miaka ya neema na miaka ya ukame, na uhai wa watu hutegemea jinsi walivyoukumbuka mmoja wakati wa mwingine. Wenyeji walilijua hilo bila mitambo. Wagogo walizipa njaa zao majina, na hesabu ya umri na ya matukio ikafuata majina hayo; iliyo kuu kati ya zinazokumbukwa ni Mtunya, iliyowapata mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya majeshi kuchukua nafaka na mifugo na kisha mvua kukosa. Kalenda ya namna hiyo haihesabu miaka iliyo sawa. Huhesabu ile iliyopita kiasi. Mtaalamu anayesoma kina cha maji ya Makutupora na mzee anayetaja Mtunya, ijapokuwa mmoja ashika vipimo vya maji na mwingine kumbukumbu ya kiu, wanazungumza kwa sarufi moja.

Kwa sababu hiyo kitabu cha Mathias Mnyampala, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichochapishwa mwaka 1954, chapaswa kuwekwa rafu moja na vitabu vya wasafiri, tena mbele yao. Wanafunzi wengi humjua Mnyampala kama mshairi na kama bingwa wa ngonjera, wakasahau kuwa alikuwa Mgogo aliyeandika habari za kwao kwa Kiswahili wakati ambapo karibu kila kitabu kuhusu Ugogo kilikuwa cha mgeni. Thamani ya kitabu hicho kwa suala hili haimo katika pambo la lugha. Imo katika mahali anaposimama mwandishi. Kwake Ugogo si nafasi ya kupita kati ya pwani na Unyamwezi, wala si karatasi ya kuchorea; ni nchi yenye koo, watemi, njia na sababu. Mtu akitoka katika kitabu hicho kwenda kutazama viunga vya leo, hawezi tena kuandika kwamba palikuwa pori tupu.

Isidhaniwe kwamba hitimisho lake ni kuwachukia wanaojenga. Nchi ya watu wanaoongezeka haina budi kujenga, na mji mkuu ulioko katikati ya nchi una hoja yake iliyo nzuri. Swali ni jinsi ya kujenga, na jibu mojawapo limo juu ya vichwa vya wenyeji wa viunga wenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 150, katika mwaka wa milimita 570, hupokea lita 85,500. Hata robo yake ikipotea, hubaki lita 64,000 na zaidi. Na familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku, yahitaji lita 200 kwa siku, basi maji hayo yangewatosha siku 320. Ugumu ni kwamba yote hunyesha katika miezi mitano. Kuivuka miezi saba ya ukavu kwahitaji akiba ya lita kama 42,000, ambapo tangi jeusi la kawaida huchukua elfu chache tu. Ingepasa kuchimba birika la saruji chini ya ua, kama mababu wa pwani walivyojenga mabirika ya mvua. Gharama yake si ndogo, na mwaka wa ukame lingepungua. Lakini mwenye birika angejua, kwa macho yake, kila siku, amebakiza nini. Na kujua huko ndiko kulikokuwamo zamani katika hongo, na ndiko kulikopotea katika bomba.

Maana bomba, pamoja na rehema yake yote, lina ila moja: halisemi. Mtemi alisimama mbele ya mgeni akadai. Boza na mkokoteni hudai pia, na aghalabu anunuaye maji kwa dumu hulipa kwa kila lita zaidi ya aliyeunganishwa na bomba, ingawa ndiye maskini. Yeye wa mkokoteni huijua nchi kame kwa mgongo na mfuko wake. Mwenye ukoka hajui. Kati yao kuna ukuta wa uzio, na kazi ya mwandishi wa viunga, kama kuna kazi iliyo yake hasa, ni kuuruka ukuta huo: kumweka mwenye mpira na mwenye dumu katika sentensi moja, jambo ambalo Burton na Stanley hawakuliweza kwa mtemi na kisima.

Basi kipimo cha maandishi ya namna hii chaweza kutajwa kwa ufupi. Andiko juu ya viunga vya nchi kame halihukumiwi kwa wingi wa mapaa liliyoyahesabu, wala kwa ukali wa mzaha wake, wala kwa machozi yake juu ya tembe. Linahukumiwa kwa kuulizwa kama msomaji, akilimaliza, anajua maji yanatoka wapi, yanaenda kwa nani, na nani alikuwapo kabla ya kigingi cha kwanza. Lenye majibu hayo, hata likiwa na lugha ya kawaida, ni andiko jema. Lisilo nayo, hata likimeta, ni picha iliyopigwa dirishani mwa treni. Na kipimo hichohicho chafaa kwa nyumba zenyewe, kwa kuwa nyumba nayo ni kauli itolewayo juu ya mahali iliposimama.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kutazama zimekwisha kupita: ya kwanza ya misafara, ya pili ya ramani. Wanaojenga sasa Iyumbu, Nzuguni na Mtumba, na wanaoandika habari zao, wamo katika siku ya tatu, na hawana haki tena ya macho ya mgeni. Masimulizi ya Wagogo kuhusu jina la Dodoma yasema kwamba tembo alishuka kijitoni kunywa maji, akazama katika tope, asiweze kutoka. Na neno la kuzama kwake likawa jina la mahali. Mji unaokua kwa kasi, juu ya maji ya gharika ya zamani, ungefanya vema kulikumbuka jina lake. Tembo yule alikosea jambo moja tu: aliyaona maji, hakuupima udongo unaoyabeba.